Reli za treni ya bustanini: anza na skrubu

Malalamiko yanayonifikia kuhusu reli za kujitengenezea, zile za treni ndogo za mfano za kuchezea bustanini, yanafanana: treni ilikuwa inakwenda vizuri, masika yakapita, sasa inaanguka kila kona. Wote wanalaumu reli. Inua taruma, kile kibao kinacholaliwa na reli, umwone mchawi mwenyewe: skrubu ya chuma imelika, kichwa kimebaki kutu tupu, reli imeachia na ule upana wa milimita 45 kati ya reli mbili umetanuka. Tanga hii, hasa mkiwa upande wa Raskazone, hewa ya chumvi haina huruma.

Kwa hiyo kabla ya bei ya reli, uliza skrubu. Nenda dukani na sumaku. Stenlesi tunayoitaka huvutwa kidogo tu au haivutwi kabisa. Ikirukia sumaku, mara nyingi hicho ni chuma kilichopakwa zinki. Karibu na bahari tafuta stenlesi ya daraja la A4, ile yenye molibdeni, madini yanayoisaidia kuhimili chumvi. Daraja la A2 inavumilia, ila madoadoa hayakosi. Na skrubu za shaba njano msizitie kwenye alumini: maji ya chumvi yakiingia kati yao, alumini ndiyo inayoliwa.

Sasa reli zenyewe. Namba moja, na upendeleo wangu siufichi: reli tupu za kampuni ya Peco, Code 250 (yaani kimo cha robo inchi), mataruma unachonga mwenyewe. Ni aloi ya shaba, nikeli na zinki, kutu ya chuma haizijui, na umeme zinapitisha. Zinatoka Uingereza, basi ni za mwenye ndugu wa kumbebea.

Namba mbili ndiyo ya wengi wetu: engo za alumini, vile vipande vinavyobaki kwa mafundi wa madirisha. Ubavu mmoja usimame uwe reli, wa pili ulale upande wa nje na kupigwa skrubu kwenye taruma. Ukiulaza ndani, ukingo wa gurudumu utagonga vichwa vya skrubu. Matundu yawe marefu kidogo, maana kipande cha mita 6, joto likipanda kwa nyuzi 30, hurefuka zaidi ya milimita 4. Umeme wa relini usahau: alumini hujivika utando usiopitisha, kwa hiyo betri ikae ndani ya treni. Mataruma yawe ya msaji, mabaki ya maseremala yanatosha, mchwa hawaupendi.

Reli za kampuni ya LGB za shaba njano ni imara kweli, lakini hapo hatuzungumzii tena bei nafuu. Nondo? Kwa Tanga, usijisumbue.

Sasa hawa wauza skrubu. Ya kupakwa wanaiuza kwa bei ya stenlesi, ukitoa sumaku wananuna kana kwamba umewatukania mama. Mmoja kule Ngamiani kaniambia, "Dada, hiyo sumaku yako ndiyo mbovu." Halafu anataka kuniuzia moja moja, bei ya boksi zima hataji, wakati mzunguko mmoja wa bustani unakula mamia.