TAHADHARI: Vakyumu za "ofa" zenye chujio la karatasi

Ndugu zangu wa Dar, na ninyi wa mikoani mnaotumiwa mizigo kwa basi, kuna mtu anauza mashine za kufyonza vumbi mtandaoni kwa shilingi 185,000. Mimi nimeshaliwa. Someni kabla hamjatuma hela.

Mwanangu wa pili ana pumu, na sebuleni tuna zulia ambalo ukilipiga ufagio unalihamisha vumbi tu, haliondoki. Nikatafuta vakyumu isiyo na mfuko, ile ya kopo, maana mifuko yake kuipata hapa mjini ni mtihani. Mifuko iliyokuja na mashine ikiisha, unabaki na pambo la stoo. Ya kopo unamwaga, unarudisha, kazi inaendelea.

Tangazo lilisema mpya, wati 2400, chujio la HEPA, lile la kunasa vumbi laini kabisa. Muuzaji maneno yake asali: "Dada yangu, hii mashine ya hotelini, utanikumbuka kwa dua." Nikasema nakuja dukani. Akajibu duka lipo Kariakoo ila wanapaka rangi, nitume nusu, nyingine nimalizie mzigo ukifika. Namba aliyonipa haikuwa lipa namba ya biashara, ilikuwa ya simu ya kawaida, na jina lililotokea ni la mwanamume mwingine kabisa. "Huyo mhasibu wetu." Nikatuma. Boda alipofika hata pikipiki hakuizima. Nikaichomeka pale mlangoni, ikanguruma, nikamalizia hela. Kana kwamba kunguruma ni kazi! Hata blenda inanguruma.

Siku mbili za mwanzo nilifurahi, si unajua unavyoona nywele na mchanga vinazunguka kwenye kopo. Siku ya tatu jioni, jua likiingia dirishani, nikaona nyuma ya mashine panatoka kitu kama moshi wa udi. Meza ya TV niliyoifuta asubuhi ungeweza kuiandika jina lako kwa kidole. Usiku ule mtoto akabanwa kifua, tukakesha na dawa yake ya kuvuta.

Mashine hizi hewa inaingia kwenye kopo ikizunguka kwa kasi, uchafu mzito unatupwa pembeni na kuanguka chini. Lile vumbi laini kabisa haliangukii huko, linaendelea na hewa, ndiyo maana huwekwa sponji kabla ya mota na chujio jingine hewa inapotokea. HEPA ya kweli inazuia asilimia 99.97 ya chembe za mikroni 0.3 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Nikafungua mlango wa nyuma wa mashine. Nilichokuta ni karatasi nyeupe iliyokunjwakunjwa, imebanwa mbele tu ya fremu, pembeni kote wazi. Na sponji? Kipande cha godoro, kimekatwa kwa mkasi na bado kina alama ya kalamu.

Hasira ikanipeleka kwenye wati. Nikazima kila kitu nyumbani hadi friji, nikasoma LUKU: uniti 41.6. Nikaiendesha vakyumu peke yake nusu saa, ikabaki 41.3. Wati 2400 zingekula uniti 1.2, hii imekula 0.3, yaani wati 600. Fundi wa mtaani akabandua stika kwa kucha, na chini yake kibao cha asili kimeandikwa 600W. Kwa haki, wati 600 peke yake si kosa. Ulaya tangu Septemba 2017 vakyumu mpya za nyumbani haziruhusiwi kufika hata wati 900, na zulia zao zinasafishika. Kinachoniuma ni kudanganywa.

Nikampigia muuzaji. Mwanzo akasema labda nimeloweka chujio. Nikamtumia picha ya godoro. Akanyamaza, kisha akanifungia. Risiti ya EFD sikuwa nayo, jina la duka sina, na Tume ya Ushindani ukienda utaulizwa unamlalamikia nani. Nimlalamikie mhasibu?

Kama bado unaitaka vakyumu, nenda dukani penye mlango, na kabla hujalipa mwambie atoe chujio zote mbili uzione. Chujio liwe limekaa kwenye fremu yenye mpira kuzunguka kingo. Pitisha kucha kwenye stika ya wati. Zikiwa za mtumba kutoka Marekani angalia pia kibao cha umeme: ikiandikwa 120V, ukiichomeka hapa kwetu kwenye 230V inaungua papo hapo, na wapo wanaoziuza hivyohivyo wakijua. Halafu mwenye pumu asimwage kopo yeye. Hata mashine nzuri ya aina hii inatimua vumbi ukiimwaga, mimi sasa namwagia nje, ndani ya mfuko uliofungwa, nimevaa barakoa. Ndiyo, bado naitumia, nimeinunulia chujio la kweli kwa 25,000 na kulibana kwa gundi ya silikoni.

Jana usiku nimeiona tena ile picha ya boksi lenye kona iliyopasuka, ukurasa wenye jina jipya, wafuasi elfu na kitu. Bei imeshuka hadi 165,000, wati zimepanda hadi 3000, na chini dada mmoja kaandika, "Nipo Morogoro, mnatuma?"