TAHADHARI: Kibodi ya "mekanika" ya 145,000 niliyotumiwa Mtwara, ndani ni mpira mtupu

Ndugu zangu wa Mtwara, Lindi, Masasi, Newala na kote huku Kusini, mnaotafuta kibodi ndogo isiyo na waya ya kuchapia na kuchezea gemu, someni hii kabla hamjatuma hela. Jina la ukurasa ulioniuzia silitaji. Si kwamba namwogopa huyu mtu. Tangu anipige ameshalibadilisha mara mbili, na ukilikariri jina leo, kesho atakupitia kwa jina jingine umwone mgeni. Nitawaeleza mwenendo wake na mzigo wake, maana hivyo viwili hajavibadilisha.

Mimi kazi yangu ni kuchapa. Nina kiduka kando ya njia ya kwenda Soko Kuu hapa mjini, nachapa ripoti za wanafunzi, barua za kuomba kazi, na msimu wa korosho ukifika, mihtasari ya vikao vya AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima. Usiku nikishafunga nacheza mpira kwenye kompyuta na vijana wa mtaani. Kibodi yangu ya zamani ilikuwa imechoka, herufi N mpaka uibonyeze mara tatu. Jaribuni kuchapa Kiswahili bila N muone mtafika wapi. Nikataka ndogo kwa sababu meza yenyewe imejaa printa, mashine ya kulaminisha na kikombe cha chai, na nikataka isiyo na waya kwa sababu waya wa ile ya kwanza ulikufa kwa kukanyagwa na miguu ya viti.

Video yake ndiyo iliyoninasa. Vidole viwili vitatu vinachapa juu ya meza yenye kitambaa cha maua, sauti inatoka tok, tok, tok, tamu kama kokwa za bao. Maelezo yanasema: mekanika halisi, vitufe 68, Bluetooth na kile kidude cha kuchomeka kwenye USB, betri ya 4000 mAh, ofa mwisho Ijumaa. Video hiyohiyo, kitambaa kilekile, baadaye nimekuja kuikuta kwenye kurasa nyingine mbili.

Kwa asiyejua, kibodi ya mekanika kila kitufe kina swichi yake peke yake, ndani mna springi na vipande vya chuma vinavyogusana ukibonyeza. Hizi za kawaida za elfu ishirini, elfu thelathini, chini ya vitufe vyote kuna karatasi za plastiki zenye nyaya zilizochorwa, na juu yake vichuguu vya mpira. Unabonyeza, kichuguu kinabonyea, karatasi zinagusana. Hazina ubaya, nimezichapia miaka na miaka. Ubaya ni kuuziwa moja kwa bei ya nyingine.

Sasa hapa ndipo ningeamka, na sikuamka. Swichi zinaitwa kwa rangi, desturi iliyoenezwa na Cherry ya Ujerumani na watengenezaji wengine wakaifuata. Nyekundu inashuka laini moja kwa moja. Ya kahawia ina kakizuizi kadogo njiani unakokasikia kwenye kidole. Ya bluu inapiga tik kila herufi. Mimi nilitaka ya kahawia, kwa sababu ya bluu usiku wa manane mama watoto angenitoa nje na kompyuta yangu. Nikamwandikia, "Kaka, swichi zake ni rangi gani?" Akajibu, "Rangi zote zipo bosi wangu, unataka nyeusi au nyeupe?" Muuza samaki ukimuuliza kama changu ni mbichi, akakujibu kwamba beseni ni la bluu, utanunua? Mimi nilinunua.

Nikaomba nilipe mzigo ukifika. Akasema kulipa ukipokea ni kwa watu wa Dar tu, mikoani malipo kwanza. Ndugu zangu, hapo ndipo anapotuvunia sisi wa huku. Mtu wa Ilala anashuka Kariakoo, anaingia mtaa wa Aggrey, anashika, anabonyeza, anarudisha. Sisi tuna kilomita zaidi ya 500 kati yetu na hilo duka, kwa hiyo tunanunua picha. Na yeye anajua kwamba hakuna atakayepanda basi kwenda Dar kudai laki na nusu.

Wakati wa kutuma, jina lililotokea kwenye simu lilikuwa la mwanamke, wala halifanani na chochote kwenye ukurasa. Nikamuuliza, akasema ni shemeji yake wa stoo. Nikatuma 145,000. Baada ya nusu saa akasema bado 10,000 ya usafiri, ingawa kwenye tangazo ilikuwa bure. Nikatuma na hiyo, maana ukishalowa mguu mmoja mtoni unaona uvuke tu.

Siku ya tatu hakuna mzigo. Akasema barabara imekatika Somanga. Jamani, hii ilinikaa, kwa sababu sisi Somanga tunaijua. Mwaka 2024 wakati wa Kimbunga Hidaya barabara ilikatika kweli, mabasi yakakwama siku kadhaa. Mtu akikutajia Somanga huku Mtwara unaguna na kumwonea huruma. Kesho yake asubuhi jirani yangu anafungua genge, namuuliza ulikuwa wapi, ananiambia jana ndiyo ameingia kutoka Dar, basi halikusimama popote ila Nangurukuru kula. Nikampigia muuzaji, hapokei. Nikamwandikia kwamba naenda polisi, ghafla mzigo ukapatikana na picha ya risiti ya basi nikatumiwa.

Niliuchukua stendi ya Mkanaledi, nikaufungulia dukani mbele ya wateja kwa mbwembwe. Boksi zuri, zito kidogo. Pembeni, kwa herufi ndogo za Kiingereza, wameandika maneno yenye maana ya "hisia za mekanika". Hisia! Sheria ikimbana mtengenezaji ana pa kuponea, hakusema ni mekanika. Aliyesema ni huyu wangu.

Dada ninayefanya naye kazi akanipa pini ya nywele nikaing'oa kofia ya herufi Q. Ilitoka kwa shida, ikarukia kwenye chai. Chini yake palitakiwa kuwe na swichi, kiboksi kidogo cha plastiki chenye alama ya jumlisha juu, kwa rangi niliyoagiza. Palikuwa na shimo la mviringo, na ndani ya shimo kichuguu cha mpira mweupe, laini, kimesimama kama chuchu ya chupa ya mtoto. Nikakibonyeza kwa ncha ya pini. Kimya. Ile tok, tok, tok ilikuwa ya kibodi ya mtu mwingine, kwenye meza ya mtu mwingine.

Angalieni na hili: zipo za mpira zilizopachikwa alama ya jumlisha kuiga, kwa hiyo alama peke yake isiwadanganye. Bonyeza kitufe taratibu sana huku unatazama skrini. Swichi za mekanika za kawaida zinashuka kama milimita 4, na herufi inatokea karibu na katikati ya safari, kwenye milimita 2 hivi, kabla kidole hakijafika chini. Ya mpira mpaka uigandamize ifike sakafuni. Yangu ilikuwa hivyo, na baada ya kurasa kumi za ripoti vidole vilikuwa vinauma kama nimemenya korosho.

Vitufe navyo havikuwa 68. Vilikuwa 61. Mtasema saba ni nini? Saba hivyo ndimo ilimo mishale. Kibodi ya 61 haina mishale wala ule mstari wa F1 mpaka F12. Ukitaka mshale unashikilia Fn kwanza halafu kitufe kingine. Kwenye Excel nazunguka kwa mishale siku nzima, na F2 ya kurekebisha kisanduku naigusa bila kufikiri. Kwenye gemu la mpira ndiyo kichekesho. Mchezaji akimbie kimshazari ni mishale miwili, ongeza kitufe cha mbio, ongeza cha kupiga, ongeza na hiyo Fn. Vidole vitano kwa shuti moja. Na hata ukiviweka vyote, kibodi yenyewe inameza. Nilifungua ukurasa mtupu nikabonyeza A, S, D, F, J na K kwa mpigo, zikatokea tatu. Vijana walinifunga usiku ule mabao ambayo sitayaandika hapa. Kama unachapa na kucheza vyote viwili, usishuke chini ya ile ya 68 yenye mishale, na kama Excel ndiyo ugali wako, tafuta ya vitufe 80 na kitu yenye mstari wa F.

Bluetooth haikuwemo kabisa. Chini kuna swichi moja ya kuwasha na kuzima, basi. Kwa upande wa gemu si hasara kubwa, maana kidude cha USB ndicho kinachofaa. Kwenye kibodi nzuri kinaweza kupeleka taarifa mara 1000 kwa sekunde, wakati Bluetooth kwa kawaida huishia kama 125. Ila mimi nilitaka kuchapia kwenye simu umeme ukikatika, na hilo halikuwezekana. Betri nilimpelekea fundi aifungue. Imeandikwa 500.

Nilipomrudia muuzaji na picha ya Q iliyong'olewa, nanukuu kama alivyoandika: "Kaka hiyo ndiyo mekanika ya kisasa, hizo za swichi ni za zamani." Halafu akasema niirudishe kwa gharama yangu, akishaipokea atanirudishia hela. Nikamwambia tuma hela ya usafiri kwanza, mikoani malipo kwanza. Akanibloku.

Nimeripoti polisi na nimechukua RB, na namba aliyonitumia ujumbe nayo nimeituma 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaugusa udanganyifu wa namna hii, kwa hiyo msiambiwe kwamba ulituma kwa hiari yako basi yameisha. Tunzeni tangazo, meseji zote, ujumbe wa malipo na lile jina lililotokea. Mimi tangazo sikulipiga picha mapema, alipolifuta nikabaki na meseji tu. Kijana mmoja wa Lindi mjini na dada wa Masasi wamenifuata kwa ujumbe, mzigo uleule, kichuguu kilekile. Tukiwa wengi faili linakuwa zito, kwa hiyo na wewe kama umepigwa usinyamaze kwa aibu.

Kwa atakayenunua kwa mtu wa mbali, muuzaji mwingine yeyote: mpigie simu ya video, aing'oe kofia ya kitufe mbele yako, na kama anasema swichi zinabadilishika, aing'oe na swichi. Achomoe waya, achape jina lako. Mwenye mzigo wa kweli hiyo ni kazi ya dakika mbili, na aliye Kariakoo ana kibanio cha kung'olea kwenye droo ya kwanza. Rafiki yangu wa Shangani alifanya hivyo na amepata nzuri, wala haikuwa ghali kuliko niliyopigwa. La sivyo mtumie ndugu aliye Dar akashike kwa mkono ndipo ulipe.

Kibodi yenyewe nimeiacha juu ya kaunta, Q bado haina kofia. Anayetaka kuona mpira kwa macho yake kabla hajanunua apite saa za kazi, pini ya nywele ipo.