Darubini yangu ya pili: kioo cha milimita 130 juu ya pipa

Kabla ya hii niliyonayo sasa nilishanunua nyingine, na ilinivunja moyo. Boksi lake liliandikwa kwa herufi kubwa kwamba inakuza mara 525. Kioo kilikuwa cha kipenyo cha milimita 76, miguu mitatu ya bati jembamba. Usiku wa kwanza niliielekeza kwa sayari ya Mshtarii (Jupita), nikaona kitu kama taa nyuma ya pazia, kikicheza kila nilipogusa bomba. Duka silitaji, lakini hesabu hii ishike: darubini haikuzi kwa faida zaidi ya mara mbili ya kipenyo chake kwa milimita. Milimita 76 ni kama mara 150, tena siku hewa ikiwa imetulia kabisa. Ukizidisha hapo unakuza ukungu. Kwa hiyo uliza kipenyo kwanza, halafu tikisa stendi.

Nilipojipanga upya, nusura nichukue yenye stendi ya ikweta, kwa kuwa watu wengi huisifia. Jina linadanganya. Mhimili wa stendi hiyo hutakiwa kuelekea ncha ya anga, ile nukta ambayo nyota huonekana kuizunguka, na hapa Dodoma tuko nyuzi 6 hivi kusini mwa ikweta, maana yake mhimili ulale karibu sambamba na ardhi. Nyingi za bei nafuu hazishuki kiasi hicho, na zikilazimishwa, jiwe la kusawazisha uzito linagonga mguu. Kijitabu nacho kinakuambia anza na nyota ya Polaris, ambayo kwetu haichomozi.

Nikachukua Sky-Watcher Heritage 130P. Ni ya aina ya Dobson: kitako cha mbao kinazunguka kulia na kushoto, bomba linapanda na kushuka, basi. Hakuna cha kupanga. Kioo ni milimita 130, urefu wa fokasi (umbali ambao mwanga husafiri kutoka kwenye kioo hadi ukutane kuwa picha) milimita 650, na bomba linajikunja hadi naipakata kwenye bajaji nikienda nje ya mji.

Sasa lenzi za jicho, ambako ndiko watu wengi wanapoteza hela. Ukuzaji unaupata kwa kugawa urefu wa fokasi wa darubini kwa ule wa lenzi. Hii inakuja na mbili: ya milimita 25 inakupa mara 26, ya milimita 10 mara 65. Ya 25 naitumia kila usiku na sijaona haja ya kuibadilisha. Ya 10 hairidhishi. Picha inafifia ukingoni na unachungulia kama kwenye tundu la ufunguo. Usinunue lile sanduku la lenzi nyingi kwa mkupuo, nusu yake hutazigusa. Mimi niliongeza moja tu, ya milimita 6 yenye uwanda (upana wa anga unaouona ndani ya lenzi) wa nyuzi 66. Inakuza mara 108. Kwa lenzi hiyo, pete ya sayari ya Zohali niliiona imejitenga na mwili wake, na mistari miwili ya Mshtarii ikasimama wazi. Uwanda mpana una faida nyingine: darubini haina mota, dunia inazunguka, na sayari inakimbia kwenye lenzi. Uwanda ukiwa mpana inakaa muda mrefu zaidi kabla hujasogeza. Unayevaa miwani, jaribu lenzi ukiwa umeivaa. Nyingine zinataka jicho ligusane na kioo.

Kasoro zipo. Kitako ni kifupi, na meza ya plastiki inatikisika, kwa hiyo naiweka juu ya pipa la lita 200 lenye mchanga. Sehemu ya kurekebisha ukali wa picha inazungushwa kama skrubu na ina ulegevu. Nimeizungushia ile tepu nyeupe ya mafundi bomba, imetulia. Bomba liko wazi katikati, taa za majirani zinaingia, nimelishonea kitambaa cheusi. Vioo navyo vinahitaji kunyooshwa vielekeane sawasawa kila baada ya safari. Mwanzo ilinichukua nusu saa, siku hizi dakika tano.

Oktoba nilimwita babu yangu, mzaa mama, aangalie Kilimia, lile kundi dogo la nyota. Ujana wake wote alianza kutayarisha shamba kwa kukitazama. Nikaweka ile ya milimita 25, nikamshika bega akainama. Alikaa kimya muda mrefu. Akaondoa jicho, akatazama juu kwa macho matupu, akarudi tena.

“Sisi tuliziona sita tu,” akasema.

Akaanza kuhesabu kwa sauti ndogo. Alipofika 31 Kilimia kikaanza kutoka kwenye lenzi. Nikamsogezea bomba, akaanza upya.