Turbopropu ya injini mbili kwa kampuni ya Tanga: ipi ununue, ipi uache

Injini ikizima sekunde chache baada ya kupaa, ile ya pili haikuokoi yenyewe. Mwaka 2019 King Air 350 ilianguka Addison, Texas, wakauawa watu 10: injini ya kushoto ilipoteza nguvu, na rubani akaanza kwa kukanyaga usukani wa mkia upande usio sahihi. Kwa hiyo tumezipanga turbopropu nne (ndege za propela zinazozungushwa na injini za tabini) kwa kigezo kikuu, bila kusahau njia ya kurukia ya Tanga: ndege inamwachia rubani kazi kiasi gani wakati huo?

1. King Air B200. Hii ndiyo ya Tanga. Tafuta yenye mfumo unaolaza wenyewe mapanga ya propela injini ikifa, yasizuie upepo, na ule unaosaidia kusukuma usukani wa mkia, na vyote vijaribiwe mbele ya fundi wako kabla hujalipa. Uzito wa juu wa kurukia ni kilo 5,670.

2. King Air 350. Kwa usalama wa karatasi ndiyo bora: imeidhinishwa kwa daraja linalodai vipimo vya kusimama au kuendelea kupaa injini moja ikifa. Lakini ina kilo 6,804, na njia ya kurukia ya Tanga ni fupi. Kwa joto la kaskazi huenda ukaacha abiria au mafuta. Piga hesabu kwa nyuzi 33, si 15 za kitabuni.

3. Conquest II. Ina kasi nzuri. Injini zake za TPE331 hupunguza ukinzani wa propela zikizima, ila kulaza mapanga kabisa ni kazi ya mkono wa rubani.

4. MU-2. Haina aileroni za kawaida, yaani vibao vya nyuma ya bawa vya kuilaza ndege upande. Hugeuka kwa spoila, vibao vinavyoinuka juu ya bawa. Tangu 2008 Marekani inalazimisha mafunzo maalumu ya ndege hii, na ajali zilipungua. Kama huna rubani aliyeyapata, usiinunue hata kwa bei ya kutupa.

Sasa chumvi, adui mkubwa wa ndege za pwani. Chumvi ikiungana na salfa ya mafuta hula mapanga ya tabini ndani ya injini, na nje huoni kitu. Dai kamera ipitishwe ndani ya injini zote mbili, picha ubaki nazo. Kwa injini za PT6A za B200, ukaguzi wa sehemu ya moto huwa saa 1,800 na ukarabati mkuu saa 3,600. Injini yenye saa 1,750 tayari ina bili mlangoni, ikatwe kwenye bei. Miguu ya kutulia yenye magurudumu hukarabatiwa kila miaka 6, na bolti za mabawa zina ratiba yake: muuzaji asiye na karatasi zake, achana naye.

Ikishafika, osheni kompresa, sehemu ya injini inayobana hewa, kila siku ya kuruka. Injini ipoe kwanza, izungushwe kwa stata bila mafuta wala cheche huku maji safi yakipuliziwa kwenye mlango wa hewa wa injini, kisha iwashwe ikauke. Maji ya kisima cha pwani hayafai, yana chumvi ileile mnayoitoa.

Tengeni pia fedha za mafunzo ya simuleta (mashine inayoiga ndege) kwa marubani wawili, kila mwaka, kwenye bajeti hiyohiyo ya ununuzi.