Ipandishe Mlima Kabla ya Kuilipia: Mwongozo wa Kununua Baiskeli Mwanza

Katikati ya jiji la Mwanza, mahali ambapo baiskeli nyingi huuzwa, ardhi ni tambarare kwa sehemu kubwa, ilhali wanunuzi wengi wanarudi nazo Isamilo, Mabatini, Bugando na miinuko mingine yenye mawe ambayo ndiyo iliyolipa jiji hili sura yake. Kwa sababu hiyo, mzunguko mfupi wa mbele ya duka, ambao wengi wetu huuhesabu kuwa ndiyo majaribio, haumwambii mnunuzi karibu lolote. Baiskeli yoyote yenye upepo kwenye matairi huenda vizuri kwa hatua ishirini za lami. Mwinuko ndio unaoonyesha kama mnyororo umekwisha, kama krenki, yaani mkono unaoshika pedali, imelegea na kama miguu yako inaiweza, na mteremko wa kurudi ndio unaoonyesha breki.

Nayaandika haya kwa uchungu wa mtu aliyewahi kukosea. Baiskeli yangu ya kwanza niliyoinunua mpya niliijaribu kwa kuizungusha mara mbili mbele ya duka, nikalipa, nikaondoka nayo. Asubuhi iliyofuata, nikiwa katikati ya kilima cha Bugando, krenki ya kushoto ilianza kucheza kwa sababu pini yake haikugongwa na kukazwa ipasavyo wakati wa kuunganishwa, na nilipofika juu pini ilikuwa imeharibika pamoja na tundu lake. Dakika kumi za kupanda mlima kabla ya kulipa zingeniepusha na hasara ile.

Jambo la kwanza ni namna ya kuliomba jaribio lenyewe. Baiskeli mpya mara nyingi hufika dukani zikiwa vipande ndani ya boksi, na fundi huziunganisha baada ya mteja kuchagua, hivyo mwenye duka ana haki ya kusita kuitoa baiskeli isiyolipiwa. Ninachokipendekeza ni kupatana bei kwanza, kutoa malipo ya awali yanayotosha kugharimia kazi ya fundi, kuandikiana kwamba kiasi kilichobaki kitalipwa baada ya kuiendesha, kisha kusubiri iunganishwe mbele ya macho yako. Ukimwamkia vizuri mzee mwenye duka na kumwambia, “Shikamoo mzee, naomba kijana wako anisindikize hadi kwenye kile kimlima, nami nitaacha kitambulisho changu hapa,” ni nadra kukataliwa. Duka linalokataa kabisa, hata baada ya kuachiwa dhamana na kupewa msindikizaji, ni la kuachwa, hata kama bei yake ni nzuri.

Kabla ya kupanda, tazama kimo. Simama ukiwa umeitanua miguu juu ya bomba la juu la fremu. Pasipokuwa na nafasi ya vidole viwili au vitatu, baiskeli hiyo ni kubwa kwako. Kisha kaa kwenye siti na uweke kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa: mguu unapaswa kunyooka bila nyonga kuinama upande mmoja. Siti iliyo chini mno ndiyo inayochosha magoti ya watu wengi, nao hulalamikia baiskeli badala ya kumwomba fundi spana. Kwa mtoto, usinunue kubwa kwa matumaini kwamba ataikulia, kwa maana mtoto asiyefikisha miguu chini hawezi kusimama salama barabarani.

Njia ya jaribio iwe na sehemu tatu: lami tambarare, mwinuko wa kweli na kipande cha barabara ya vumbi yenye makorongo. Kwenye lami, shika usukani kwa vidole viwili tu na usikilize kama baiskeli inavuta upande mmoja. Ikivuta, ama gurudumu halijakaa katikati ya foki, yaani panda inayoshika gurudumu la mbele, au fremu imepinda, na fremu iliyopinda hairudishwi na mtu yeyote kikamilifu. Kwenye mwinuko, kanyaga kwa nguvu zako zote ukiwa umesimama. Mlio wa “tak” unaorudi mara moja kwa kila mzunguko wa pedali hutoka kwenye pedali au krenki. Mnyororo unaoruka meno wakati huo umekwisha, au friwili, yaani meno ya gurudumu la nyuma, ndiyo iliyokwisha, na kwa kawaida huwa vyote viwili kwa pamoja, kwa sababu vinalika pamoja. Ukiwa na rula unaweza kulithibitisha hilo kwenye baiskeli ya mtumba: vipande 24 vya mnyororo, yaani kutoka pini ya kwanza hadi pini ya 25, vinapaswa kuwa na urefu wa takriban sentimita 30.5. Vikifika 30.8, mnyororo huo ni wa kubadilishwa, na gharama yake ipunguzwe kwenye bei. Kwenye vumbi sikiliza kila kinacholia: madigadi, keria, boksi la mnyororo. Vingi vya hivyo hukazwa kwa dakika moja, lakini mlio mzito unaotoka kwenye shingo ya usukani una maana ya beringi zilizolegea au kulika. Uthibitishe kwa kuminya breki ya mbele na kuisukuma baiskeli mbele na nyuma.

Breki zastahili aya yake, kwa kuwa huku kwetu mvua za vuli na za masika hukukuta barabarani ukiwa njiani kurudi nyumbani, na breki inayoshika vizuri kwenye ringi kavu inaweza kuwa kitu kingine kabisa ringi ikilowa. Nenda na chupa ya maji. Baada ya kujaribu breki zikiwa kavu, mwaga maji kwenye ringi zote mbili, ondoka kwa mwendo wa kawaida, kisha minya. Ringi ya chuma iliyopakwa kromu huteleza sana ikilowa, na baiskeli huendelea kwenda kwa mizunguko kadhaa kabla breki haijaanza kushika. Ringi ya alumini hushika mapema zaidi. Sijamwona muuzaji anayekueleza tofauti hiyo, ilhali ndiyo inayoamua kama utasimama kwa wakati mbele ya daladala iliyosimama ghafla kwenye mteremko.

Baada ya kuziendesha kwa namna hiyo, aina nne zinazopatikana zaidi hapa nazipanga kama ifuatavyo.

Nafasi ya kwanza naipa baiskeli ya gia ya mtumba yenye magurudumu ya inchi 26, foki ngumu isiyo na shokapu na ringi za alumini. Sababu yake ni hesabu ya meno. Baiskeli hizi nyingi zina sproketi ndogo ya mbele yenye meno 28 na ya nyuma kubwa yenye meno 28, kwa hiyo kila ukikanyaga mzunguko mmoja gurudumu nalo huzunguka mara moja, na baiskeli husogea mita mbili hivi. Baiskeli isiyo na gia yenye meno 44 mbele na 18 nyuma husogea takriban mita tano na nusu kwa mzunguko huohuo, jambo ambalo ni zuri kwenye tambarare lakini kwenye kilima cha Isamilo humlazimisha mtu mzima mwenye afya kushuka na kuisukuma. Matairi yake, yaliyoandikwa 26 x 1.95 au vipimo vya jirani, yanapatikana kwa urahisi, na vali zake mara nyingi ni kama za pikipiki, hivyo kijana yeyote wa kujaza upepo kando ya barabara anaweza kukusaidia. Masharti yangu ni mawili. Ipitie gia zote, moja baada ya nyingine, ukiwa mlimani na si ikiwa imeinuliwa juu ya stendi, kwa sababu gia nyingi hubadilika vizuri pasipo uzito na kukataa pakiwa na uzito. Pia kagua fremu kwenye maungio yaliyo karibu na shingo. Rangi mpya iliyopakwa sehemu hiyo peke yake mara nyingi inaficha ufa au alama ya kuchomelea.

Nafasi ya pili ni baiskeli ya kawaida mpya, ile ndefu nyeusi yenye breki za vyuma, iwe ni Phoenix ya China au Avon na Hero za India. Naiheshimu sana. Ndiyo iliyobeba mchele, mkaa, madumu ya maji na abiria katika Kanda ya Ziwa kwa miaka mingi, na hakuna kijiji cha Magu, Kwimba au Ukerewe ambako utakosa fundi anayeijua hadi gololi zake. Kwa mtu anayeishi upande wa Kirumba, Pasiansi au Ilemela, ambako barabara ya kwenda uwanja wa ndege haina miinuko mikali, au anayechukua dagaa pale Mwaloni na kuwasambaza, ningeipandisha hadi nafasi ya kwanza bila kusita. Lakini ijaribu ikiwa na mzigo. Dumu la maji la lita 20 lina uzito wa kilo 20, hivyo mawili kwenye keria yanakupa kilo 40 ambazo ni kipimo kizuri: ukiona usukani unayumba au mbele inakuwa nyepesi unapoanza kupanda, keria ni dhaifu au imefungwa nyuma mno. Mwombe fundi akubadilishie friwili ya meno 18 kwa ya meno 22 ikiwa ipo, kwa maana badiliko hilo dogo linapunguza ugumu wa kila mkanyago kwa karibu moja ya tano. Na kwa kuwa ringi zake huwa za chuma, lile jaribio la chupa ya maji usiliruke kamwe.

Ya tatu ni baiskeli ya mtumba kutoka Japani, yenye kikapu mbele na fremu iliyoshuka katikati. Kwa mama au dada anayevaa gauni au kanga hakuna inayopandika kwa urahisi na staha kama hii. Nyingine huja na taa ya dainamo na gia tatu zilizofichwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, ambazo hazisumbuliwi na vumbi. Naishusha hadi nafasi ya tatu kwa sababu moja ambayo wengi huigundua wakiwa wamekwisha kulipa, nayo ni tairi. Baiskeli hizi nyingi huvaa tairi iliyoandikwa 26 x 1 3/8, na mtu akisikia “inchi 26” hudhani ni ileile ya baiskeli ya gia. Siyo. Ringi ya baiskeli ya gia ina kipenyo cha milimita 559 mahali tairi inapokaa, na hii ya Japani ina milimita 590, kwa hiyo tairi ya moja haiingii kwenye nyingine hata ikilazimishwa. Kabla ya kununua, soma namba ubavuni mwa tairi, kisha tembea kwenye maduka mawili matatu ya vipuri uulize kama tairi na tyubu zake zipo. Zikiwepo, nunua kwa amani. Tazama pia kufuli iliyofungwa kwenye gurudumu la nyuma, kwa kuwa ufunguo wake huenda ulibaki Japani, na kibandiko chenye namba kilichopo kwenye fremu ni cha usajili wa huko na hakithibitishi umiliki wako hapa.

Nafasi ya mwisho, nayo kwa mbali, naipa baiskeli mpya ya bei nafuu yenye shokapu mbele na nyuma na maandishi mengi ya kung’aa. Vijana huipenda, nami naelewa kwa nini, lakini mlimani sehemu ya kila mkanyago humezwa na springi ya nyuma, baiskeli ikawa inachezacheza juu na chini badala ya kwenda mbele. Springi hizo huongeza uzito, maungio yake hulegea, na yakilegea mafundi wengi hawana vipuri vyake. Kama moyo wako umeing’ang’ania, iendeshe mlima uleule uliopandisha ile ya kwanza, siku ileile, kisha uamue kwa miguu yako.

Kwa baiskeli yoyote ya mtumba, hasa inayouzwa na mtu binafsi, andika namba ya fremu, ambayo mara nyingi imegongwa chini ya krenki au kwenye bomba la siti, na mwandikishane mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Dukani dai risiti ya mashine ya EFD yenye maelezo ya baiskeli uliyoichukua. Usimalize fedha zako zote kwenye bei. Bakiza angalau sehemu moja ya kumi kwa ajili ya kufuli imara, kengele, raba za breki na fundi.

Baada ya wiki moja ya kuitumia, irudishe kwa fundi aliyeiunganisha. Spoku mpya hulegea zinapopata uzito kwa mara ya kwanza na ringi huanza kuyumba, nyaya za breki hunyooka, na zile pini za krenki zilizoniponza mimi huhitaji kugongwa na kukazwa tena. Mwambie mwenye duka kabla ya kulipa kwamba utarudi kwa kazi hiyo, na mkubaliane kwamba imo ndani ya bei.