Vidonge vya "kurudisha ujana": boksi zuri, ila mvuta sigara asiviguse

Nazungumzia vile vidonge vya antioksidanti (vitu vinavyozuia chembe zinazoharibu seli) vinavyouzwa na mawakala wa mtandaoni hapa Dar, boksi la kijani lenye jani la dhahabu, jina siweki. Mama mdogo anavitumia, baadae akaanza kumgawia mjomba, na nyumbani mambo ya dawa yote naulizwa mimi kwa hiyo nimevichunguza vizuri.

Mazuri yake yapo. Sili ilikuwa nzima, tarehe ya kuisha inasomeka, bodaboda alileta siku ileile, na havina ile harufu ya mafuta ya samaki. Bei elfu themanini na tano kwa mwezi. Mama mdogo anasema ngozi imetulia, sawa simbishii, ila kipindi hichohicho ameanza kulala mapema na soda kaacha, sasa utajuaje ni kipi kimesaidia?

Shida iko nyuma ya boksi kwenye yale maandishi madogo. Kila kidonge kina beta-karotini, ile rangi ya karoti ambayo mwili unaigeuza vitamini A, miligramu 15, na unaambiwa umeze viwili kwa siku, yaani 30. Hiyo 30 inatisha jamani, maana ndo dozi waliyopewa watu Marekani kwenye utafiti wa CARET, pamoja na vitamini A, wavuta sigara na walioacha na mafundi waliovuta vumbi la asbesto, mpaka ukasimamishwa 1996 kabla ya muda wake kwa sababu waliokuwa wanameza walipata kansa ya mapafu asilimia 28 zaidi ya wenzao waliopewa vidonge visivyo na dawa. Kabla yake, 1994, Finland walishatoa matokeo ya wanaume 29,133 wavuta sigara, beta-karotini miligramu 20 tu, kansa ya mapafu ikapanda asilimia 18. Na mjomba anavuta pakti nzima kwa siku! Wakala kamtumia voisi anamwambia hivi vidonge vinasafisha mapafu, nimeisikiliza mwenyewe, kwa kweli iliniuma sana.

Wanachouza kinatokana na wazo la mwanasayansi Denham Harman la 1956, kwamba radikali huru, yaani molekuli zenye fujo zinazotokea mwilini, zinaharibu seli taratibu na ndo tunazeeka. Wazo lina msingi, ila mwili hizo radikali unazitumia pia kama ishara, kuna utafiti wa Ujerumani wa 2009 vijana walifanya mazoezi huku wanameza vitamini C miligramu 1000 na E yuniti 400 kila siku, na ile faida ya mazoezi ya kuufanya mwili uitikie vizuri insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, hawakuipata, wasiomeza wakaipata.

Halafu boksi limeandikwa "hurudisha nyuma saa ya epijenetiki". Hiyo saa ipo kweli, mtafiti Steve Horvath aliitoa 2013, inasoma alama za metili (vikundi vidogo vya kemikali vinavyojibandika kwenye DNA) sehemu 353 na kukadiria umri. Jeni zenyewe hazibadiliki, zinabadilika hizo alama zinazosaidia kuamua jeni ipi ifanye kazi na ipi inyamaze. Sasa nikamuuliza wakala, mmempima nani kabla na baada, kwa saa ipi? Kanitumia picha za nyuso za watu. Hicho sio kipimo.

Chakula ndo kina hoja hapa. Folati ya mchicha, kunde na maharage inaupa mwili malighafi ya kutengenezea hizo metili, na Gambia 2014 walionyesha kwamba lishe ya mama wakati anashika mimba, msimu wa mvua au wa kiangazi, inaacha tofauti kwenye alama za mtoto. Elfu themanini na tano pale sokoni ni mboga za majani, nyanya za kupika na mafuta, mapera na rozela za mwezi mzima na chenji inabaki.

Na kwa mjomba kuna kitu kikubwa kuliko kidonge chochote: sigara inashusha hizo alama za metili kwenye jeni inayoitwa AHRR, na ukiacha zinaanza kurudi pole pole, hiyo imepimwa kwa watu wengi. Nimemwambia, shikamoo mjomba, hela ya boksi tutakupeleka nayo kwa daktari akusaidie kuacha. Kakubali kwenda.

Nyota mbili kati ya tano, zote za usafirishaji na ufungaji. Wakala kagoma kurudisha hela ya boksi la pili ambalo hata halijafunguliwa, na mama mdogo bado anamdai.