Chakula cha mahabusu, Moshi: machalari nyota nne, huduma nyota moja (au hata hiyo wasipate)

Nyota moja kati ya tano. Na hiyo moja ni ya machalari, zile ndizi za kupikwa na nyama, msije mkadhani nina roho mbaya.

Huduma yenyewe wakazi wa Moshi mnaijua. Unapiga simu jioni, unataja jina la mahabusu, unatuma hela, wao wanapika na bodaboda anafikisha chakula gerezani, mezani kwa afande anayekagua. Sahani elfu tano, usafiri juu yako. Jina la biashara siliweki, ila aliyewahi kuwatumia atawajua kwa boksi lao jeupe. Ugomvi wangu wote umo ndani ya boksi hilo.

Siku ninayoisema ilikuwa wali na maharage ya nazi. Vilipikwa alfajiri, vikafungwa vikiwa bado vinafuka moshi. Mfuniko ukakandamizwa, juu foili, juu tena gazeti, eti visipoe. Zamu yetu mezani ilifika karibu saa sita. Afande alipofunua, mfuniko ulikuwa unadondosha maji kama bati asubuhi ya baridi, na maharage yameshikwa povu jembamba pembeni. Harufu ilitangulia kijiko. "Haya, aliyeleta aonje." Bodaboda akaangalia chini. Kikarudi.

Nikapiga simu. Dada akapokea: "Kaka, sisi kazi yetu kupika. Mambo ya getini malizaneni na maafande."

Na hela? "Chakula si kimeshapikwa?"

Hapo ndipo damu ilipochemka, kwa sababu maneno hayo yangemfaa anayeuzia watu wa ofisini. Anayepikia mahabusu anauza chakula kitakachokaa saa nyingi, kitakachokorogwa na mtu mwingine, kisha kiliwe na mtu asiye na jiko la kukipashia. Kama hilo hulijui, uza chapati stendi.

Tatizo halikuwa maharage, lilikuwa ufungaji. Chakula kilichopikwa hakitakiwi kukaa muda mrefu kati ya nyuzi joto 5 na 60, maana hapo vijidudu huzaana haraka. Boksi jepesi lililofungwa halitunzi joto kama hotpoti na haliachi chakula kipoe. Linakiweka vuguvugu tu, asubuhi nzima. Wali ndiyo hatari isiyoonekana: kuna kijidudu, Bacillus cereus, ambacho mbegu zake zinavumilia kuchemshwa, zikipata uvuguvugu zinaamka, na sumu inayotapisha haiondoki hata ukipasha tena. Tui nalo likikaa hivyo linachacha.

Njia ziko mbili na zote ni rahisi. Ama pika karibu na muda wa kupeleka, suuza hotpoti kwa maji yaliyochemka kwanza, mwaga, kisha jaza mpaka juu, kwa kuwa nafasi tupu ndani inakula joto. Ama poza kwanza: tandaza wali kwenye sinia safi, unene usizidi vidole viwili, funika kwa kitambaa chepesi upepo upite, mvuke ukiisha ndipo ufunge. Na hata ukipoza, uende mapema. Kupoza hakukupi ruhusa ya kukiacha juani hadi mchana. Maharage yawe ya mafuta, nazi iache. Kachumbari usiipeleke kabisa, maji yake yanaharibu sahani nzima.

Niseme haki, machalari yao sijapata kuona mfano. Ndizi mshale zimeiva bila kuvunjika, mchuzi wa kutosha (ndizi zikipoa bila mchuzi zinakuwa ngumu kama sabuni), nyama haina mfupa na imekatwa ndogo kiasi kwamba mkaguzi anageuza mara mbili, amemaliza. Siku za machalari hakuna kilichowahi kurudi. Kwa hiyo kupika wanajua! Ndiyo maana inauma zaidi. Ningewapa nne.

Lakini hapana. Mtori (supu ya ndizi zilizopondwa) waliutia kwenye kopo refu jembamba. Mtori ni mzito, katikati hauonekani, mkaguzi hana njia ila kuchovya kijiko mpaka chini na kukoroga. Na kijiko ni kile kile kimoja kinachozunguka vyombo vya watu wote, kimetoka kwenye dagaa wa mtu sasa hivi. Sijamlaumu afande, yeye anatafuta kilichofichwa. Mtori uwekwe kwenye bakuli pana, lisilo na kina, linaloonyesha ndani, na kijiko safi kiambatane na chakula; ukimkabidhi kwa adabu wengi hukitumia. Chapati zilale bapa, zisikunjwe. Sambusa usipeleke, itapasuliwa yote. Yai limenywe na kukatwa katikati. Samaki awe mnofu mtupu. Haya mpishi mzoefu angemwambia mteja kwenye simu ile ile ya kupokea oda.

Wengine wanasema dawa ni kupitisha wauzaji wachache wenye kibali na kuwafungia wengine. Sina hakika. Jimbo la New York, kule Marekani, lilijaribu hilo kwa vifurushi vya wafungwa mwanzoni mwa 2018, kwenye magereza matatu: ununue kwa wauzaji walioidhinishwa tu. Familia zikalalamikia bei na ukosefu wa matunda na mboga mbichi, gavana Cuomo akasimamisha mwezi huo huo wa Januari. Mwaka 2022 utaratibu wa kuagiza kwa wauzaji ukarudi. Mhuri haupozi wali. Kwetu sheria ya magereza ya 1967 inampa mahabusu nafasi ya kuletewa chakula kutoka nje, kwa ukaguzi, na Kanuni za Mandela, zile za Umoja wa Mataifa kuhusu wafungwa, ya 114, zinasema ndugu au rafiki anaweza kukileta. Mimi ningetaka kanuni ziwekwe mahali pengine: cheti cha kupimwa afya cha mpishi kionekane, saa ya kupika iandikwe juu ya chombo, na chakula kikirudi kwa kosa la jikoni, hela irudi. Hilo la mwisho tu lingewanyoosha wote ndani ya wiki mbili.

Tena mteja ajue na lake. Mahabusu akishahukumiwa anakuwa mfungwa, na ruhusa hii ya kuletewa chakula ni ya mahabusu. Uliza hali yake kabla ya kutuma hela, kwa sababu dada wa kwenye simu hatakuuliza.

Nafuta ile nyota moja. Wasipate kitu.

Ingawa Jumamosi nimeagiza tena, machalari, sahani mbili. Safari hii nimemwambia dada nusu ya hela natuma sasa, nusu bodaboda akishapita mezani. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Sawa kaka, ila boksi ni lile lile." Nimempelekea hotpoti yangu.